Mrina Asali wa Gitting Aliyeomba Aachiwe Mvuke Wake

Ukungu umelala juu ya Gitting na hauna haraka ya kuondoka. Mlima Hanang hauonekani, maharage hayaonekani, hata ng'ombe anayesikika akicheua ng'ambo ya ua haonekani. Ndani ya weupe huo mtu mmoja anatembea taratibu, hatua fupi fupi, maana anaowaendea bado wamelala na hapendi kuwaamsha vibaya.

Anasimama mbele ya mzinga wa kwanza. Anaweka sikio kwenye ubao, anafumba macho, na uso wake unakuwa wa mtu anayesikiliza habari njema kutoka chumba cha pili.

"Wanaongea vizuri leo," ananong'ona. "Ukisikia sauti hii ujue malkia yupo na chakula kipo. Wakiwa na njaa wanalia, wewe mwenyewe utawahurumia."

Anabonyeza bomba la moshi. Ndani yake yanaungua magunzi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake unatoka mzito, unaingia kwenye ukungu, na huwezi tena kusema wapi umeishia moshi na wapi umeanzia ukungu. Anafunua, anachungulia, anafunika. Kisha anafanya jambo ambalo mgeni halielewi: anaondoka kabisa pale, anashuka shamba zima, anazunguka mpaka nyuma ya zizi la mbuzi. Hapo ndipo anapotia mkono kwenye koti, anatoa kifaa kidogo cheusi kinachofanana na kalamu nene, anavuta mara moja na kuachia mvuke.

"Hapa hapa, nyuma ya zizi," anasema huku akicheka. "Kule kwenye mizinga? Thubutu! Nilishafundishwa adabu."

Jina lake ni Baltazar Qamara, umri miaka hamsini na saba, mkulima wa maharage na ngano, na mrina asali tangu akiwa kijana. Nyumbani anaitwa Baba Hilda, kijijini Mzee Balta. Kifaa kile ni sigara ya umeme. Vijana wa mji wa Katesh wanaiita vepu. Na kwa sababu ya kifaa hicho, miezi michache iliyopita kijiji kizima kiliketi kikao kuamua kama Mzee Balta atakiuka sheria kila anapopumua.

Tuanze nyuma kidogo, maana mambo haya hayakuanzia kwenye mvuke. Yalianzia kwenye moshi.

Baltazar aliwasha sigara yake ya kwanza akiwa kijana kibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano. Alikuwa akikaa juu ya trekta, vumbi mbele, vumbi nyuma, na wenzake walimwambia moshi unasafisha vumbi kifuani. Akaamini! Kijana wa miaka ishirini huamini lolote analoambiwa na mwenye trekta. Basi akavuta, na akaendelea kuvuta kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi pakiti ikawa haimalizi siku.

"Nyuki walikuwa wananijua kwa harufu," anasema. "Hawakunipenda. Mimi nafika, wao wanakasirika. Nilidhani ndiyo tabia yao. Kumbe tabia ilikuwa yangu."

Kifua kikaanza kudai haki yake. Shamba lake liko mteremkoni, na mizinga ilikuwa juu. Kila tuta alilopanda ilibidi apumzike, mikono magotini, akikohoa hadi machozi. Ndoo za asali akaanza kuzibeba mkewe, Bernadina. Kanisani, ambako alikuwa akiimba besi, akahamia benchi la nyuma akawa anafumbua mdomo tu.

Halafu kaka yake mkubwa, mvutaji mwenzake, akafariki kwa ugonjwa wa mapafu. Baltazar alikuwa chumbani. Anaposimulia hapa hatazami mtu, anatazama ukungu.

"Kaka alikufa mdomo wazi, anatafuta hewa. Hewa imejaa chumba kizima, yeye haipati. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta, nikawasha sigara. Unaona ninachokuambia? Nimetoka kumwona, na mikono hii hii ndiyo iliyoshika kiberiti."

Alijaribu kuacha, asikudanganye mtu kwamba hakujaribu. Alitafuna miwa hadi fizi zikauma. Alibeba bisi mfukoni. Alisali novena, sala za siku tisa. Alimkabidhi mkewe pakiti akamwambia azitupe chooni, kisha jioni akamnunia kwa sababu amezitupa. Bernadina anakumbuka siku zile kwa jicho la huruma na la kuchoka.

"Siku ya tatu ya kuacha alikuwa anagombana na mbuzi," anasema. "Mbuzi! Nikamwambia, Baba Hilda, nenda kavute, nyumba ipumue."

Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni Hasani, mfanyabiashara wa Katesh anayeuza makava ya simu, chaja na vikorokoro vya aina hiyo. Siku moja ya mnada Baltazar aliingia dukani kwake akikohoa hadi akashika kaunta.

"Shikamoo mzee," Hasani alimwambia. "Mimi nilikuwa kama wewe. Nikahamia hii. Sikwambii ni dawa, maana si dawa. Nakwambia tu kwamba sigara sijaigusa tena."

Baltazar alikichukua kile kifaa kwa aibu, akakificha ndani ya soksi hadi nyumbani. Wiki ya kwanza alivuta vyote viwili. Wiki ya pili akasahau pakiti shambani, mvua ikainyeshea, naye hakwenda kununua nyingine. Ni mwaka wa pili huu hajawasha kiberiti ila kwa ajili ya bomba la nyuki.

Zahanati nako alikwenda, akaambiwa ukweli bila kupakwa mafuta. Mganga alimwambia kwamba kifaa kile nacho kina nikotini na kinamfunga mtu, na kwamba mapafu hayakuumbwa kwa ajili ya mvuke. Bora kuliko yote ni kuacha kila kitu. Lakini kama uchaguzi wake ni kati ya hicho na sigara, basi asithubutu kurudi kwenye sigara. Baltazar aliondoka na maneno hayo na ameyashika hadi leo.

Kilichofuata anakieleza kama mtu anayesimulia ndoto na kuogopa kuamka. Pua yake ilifunguka. Asubuhi moja alikuwa anapita mlangoni akasimama ghafla, akamwuliza mkewe ni nini kile kinachonukia. Bernadina akaangalia huku na huku. Ilikuwa mvua, mbali, upande wa Balangdalalu, bado haijafika.

"Nilikuwa nimesahau kwamba mvua inanukia," anasema. "Nikaanza kutembea nanusa vitu kama mtoto. Nta. Majani ya maboga. Nywele za mama huyu. Asali ya wakati wa maua ya maharage ina harufu yake, na ya msituni ina yake. Nilikuwa narina asali miaka yote ile na sijawahi kuijua."

Akapanda shamba bila kupumzika. Akarudi kwenye besi. Nyuki nao wakapoa, akawa anafungua mzinga wakimtambalia mikononi na kuendelea na shughuli zao. Kwa muda fulani, anasema, alikuwa na furaha hadi akawa anaona haya.

Sasa tuje kwenye ndizi.

Warina asali wa mteremko huu wana mwiko mmoja ambao mtoto anafundishwa kabla ya kushika bomba: aliyekula ndizi mbivu hakaribii mizinga. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Wakati wa kurina hata mkwe akija na mkungu wa ndizi hapokelewi ndani. Anaombwa radhi kwa heshima zote, mkungu unatundikwa nje ya boma, mbali, mpaka kazi iishe. Baltazar mwenyewe amewahi kumfukuza kibarua shambani kwa sababu ya ganda moja la ndizi.

Siku ya mkasa wenyewe, kioevu cha minti anachojaza kwenye kifaa chake kilikuwa kimekwisha. Hasani hakuwa nacho, akampa kingine, akamwambia hiki ni ladha ya matunda, vijana wanakipenda. Kichupa kina maandishi ya Kichina. Na Baltazar, masikini, alikuwa na mafua, pua imeziba, hasikii harufu ya chochote duniani.

Chini ya shamba lake kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wanakijiji walikuwa wanachimba mtaro wa bomba la maji, majembe yanalia, watu wanataniana. Baltazar akapanda kwanza kutazama mizinga yake, aje kujiunga nao. Akasimama katikati ya mizinga, akaona asubuhi ni nzuri, akatoa kifaa chake, akavuta, akaachia wingu.

Loo! Mizinga yote iliitika kwa pamoja.

"Sijawahi kusikia sauti ile," anasema. "Nililala chini, nikajifunika koti. Hawakunichoma sana mimi. Walishuka kule kwenye watu."

Waliokuwa mtaroni wanasimulia hadi leo. Majembe yaliachwa yamesimama. Wengine walilala ndani ya mtaro na kujifukia udongo, wengine walikimbia wakavuka vijumba viwili wakajifungia kwa jirani. Mwenyekiti wa kijiji, Isidori Akonaay, ambaye alikuwa amebaki nyuma akiwahimiza watu wasiogope, alichomwa mdomoni na juu ya jicho. Kesho yake alihudhuria shughuli zake zote mdomo umevimba, anasalimia kwa mkono tu. Kwa bahati nzuri hakuna aliyepata madhara makubwa.

Mtu mmoja alikuwa amemwona Baltazar akipuliza. Yalitosha hayo. Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa na habari moja: kile kidude cha Mzee Balta kinaita nyuki. Wengine wakaongeza chumvi kwamba kina mashetani, wengine kwamba ni mionzi.

Na hapo ndipo Mwalimu Gaudensia wa shule ya msingi alipopata watu wa kumsikiliza. Tumtendee haki mwalimu huyu. Yeye hakuwa na habari na mashetani. Muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba amewakuta wanafunzi wa darasa la saba na vifaa hivyo, vyenye ladha ya peremende, na hakuna aliyejali. Sasa walijali. Pendekezo likaandaliwa haraka: marufuku mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, kuwa na sigara ya umeme ndani ya mipaka ya kijiji, na atakayekamatwa atapigwa faini na kifaa kitachomwa moto. Mkutano mkuu ukaitishwa.

Mafua yalimwachia Baltazar siku mbili kabla ya mkutano. Alikuwa ameketi kitandani, akavuta, na pua ikamwambia. Ndizi. Ndizi mbivu kabisa, ya kuanguka yenyewe.

Kisha akamwita mkewe, akampa anuse. Bernadina alinusa, akamtazama, akakaa naye kitandani.

Kwa mtu wa mjini hili ni jambo la kucheka. Kwa mrina asali ni fedheha. Akinyamaza, kifaa kitabeba lawama, kitapigwa marufuku, na anajua wazi ni wapi miguu yake itampeleka: kibandani, barabarani, ambako sigara zinauzwa mchana kweupe. Akisema, atakuwa Balta aliyepeleka ndizi kwenye mizinga, na jina la miaka mingi litageuka utani wa vilabuni.

"Nani atanunua asali kwangu?" alimwuliza mkewe.

"Sijui," Bernadina alimjibu. "Ila najua nani atakufa."

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwalimu Gaudensia alizungumza vizuri, kwa uchungu, akashangiliwa. Baltazar akanyoosha mkono. Mficha maradhi kifo humuumbua, akajisemea, akasimama.

"Wazee wangu, kifaa hiki hakiiti nyuki," alianza. "Kilikuwa na ladha ya ndizi. Nilikuwa na mafua, sikuisikia harufu. Mimi ndiye niliyepeleka ndizi kwenye mizinga."

Warina wenzake waliokuwa upande wa kushoto waliinamisha vichwa kwa niaba yake. Mwenyekiti Isidori akagusa mdomo wake taratibu.

"Balta. Mdomo wangu huu wote ulikuwa ni ndizi?"

"Ni ndizi, Mwenyekiti. Nisamehe."

Watu wakaangua kicheko, na kilipokuwa kinataka kwisha mtu mmoja akakianzisha tena. Baltazar alisimama katikati yake, kofia mkononi, akavumilia. Alipopata nafasi akasema alichokuwa amekuja kusema.

"Watoto wanyang'anyeni, hata mimi nitawasaidia kuwanyang'anya. Asiyewahi kuvuta asianze, na akija kwangu kuniuliza nitamfukuza. Mimi naomba kwa ajili yangu na wenzangu tuliotoka kwenye sigara. Kaka yangu mlimzika ninyi. Mkinichukulia hiki, sitakaa bure. Najijua. Nitarudi kule."

Mwalimu Gaudensia hakucheka na hakuyumba. "Ndizi au si ndizi, Mzee Balta, kikiwa mfukoni mwako mtoto atakiona. Watoto wangu nitawaambia nini?"

Hapo akasimama Bernadina, ambaye kwa miaka yote ya mikutano hakuwahi kusimama.

"Wazee, shikamooni. Mwalimu, mimi kidude kile sikipendi. Kingekuwa mbuzi ningeshakichinja. Lakini miaka mingi nimelala nimeweka mkono mgongoni kwa mume wangu nisikie kama bado anapumua. Sasa nalala." Akageuka kutazama barabarani. "Leo mnataka kupiga marufuku hiki. Sigara yenyewe iko kibandani pale, naiona kutoka hapa nilipo, na hakuna aliyeinyooshea kidole. Mtakuwa mmefunga mlango wa kutokea, wa kuingilia mmeuacha wazi. Mwalimu, waambie watoto ukweli. Waambie mzee yule alianza akiwa mdogo, na hadi leo anahangaika kutoka."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Gaudensia alimtazama mama yule kwa muda, kisha yeye mwenyewe akaomba pendekezo lisomwe upya. Lilipokwisha kujadiliwa lilikuwa hivi: ni marufuku kuwauzia watoto wala kuwapa, ni marufuku kuvuta karibu na shule, kanisa au visima, na marufuku hiyo ikaihusu sigara ya kawaida pia. Mtu mzima aliyetoka kwenye sigara aachwe na kifaa chake. Mikono ikainuliwa, si yote, lakini ilitosha.

Baltazar hakuondoka bila kulipa. Mkutano uliamuru mizinga ihamishwe mbali na bomba la maji. Wanunuzi wawili wa siku nyingi wamehamia kwa mrina mwingine, na hakuna harusi anayohudhuria asiulizwe kama amekuja na ndizi. Anacheka nao. Usiku fulani, anakiri, humuuma.

Ukungu sasa unapanda. Kipande cha mlima kinajitokeza, kinapotea, kinajitokeza tena. Mizinga ilikohamishiwa ni juu zaidi, karibu na ukingo wa msitu, na Baltazar anaongoza njia ya kurudi huko akizungumza mfululizo, habari za maua, habari za mvua, bila kusimama hata mara moja. Anayeomba kupumzika ni mwandishi wa makala haya.

Kioevu chake sasa ni kile chenye nikotini ndogo kuliko zote alizowahi kutumia, hakina ladha yoyote, na kila baada ya muda anakipunguza tena. Hana haraka. Anaulizwa atafanya nini siku wakubwa wa ngazi za juu wakileta marufuku kamili, isiyojali mtu wala historia yake.

Nyuki wanapita juu ya kofia yake kwenda msituni.

"Nitaogopa," anasema. "Nisikudanganye. Mimi nataka niiache mwenyewe. Na sitaki siku kubwa, ya kuapa na kushangiliwa, hizo nilishazifanya nikashindwa. Nataka siku ya kawaida tu. Nimetoka shambani, nimenawa, nimekula, nimelala. Kesho yake, saa za mchana huko, nikumbuke kwamba jana sikuivuta, na wala sikujua. Hiyo ndiyo ndoto yangu, kuisahau."

Bernadina, aliyekuwa anakuja nyuma na ndoo tupu, amemsikia.

"Siku hiyo mimi nitakuwa nimeshajua," anasema, akimpita kwenda mbele. "Na sitakukumbusha."